Mtama chini ya mahindi

Jumamosi, Mkonze. Upepo wa mwezi wa saba umeamka kabla yangu. Vumbi limeshaingia hadi kwenye kibodi. Nimetulia, ila si utulivu wa furaha.

Jumatatu wenye maghala wa Kibaigwa wanachagua programu moja ya simu ya kuwaambia kama nafaka imekauka vya kutosha kuhifadhiwa: yangu au ya Festo. Tulifanya kazi pamoja miaka miwili, hapa kwangu, kwa umeme wangu. Mwezi wa pili akaondoka. Sasa anawaambia watu ameandika yake upya, hakuna hata mstari mmoja wa Rehema.

Mimi sikusomeshwa kompyuta na mtu. Nimejifunzia stationari ya Miyuji, nikichapa barua za watu. Neno lile liliniuma.

Asubuhi nikaipakua programu yake na kuipitisha kwenye kifumuzi, yaani programu inayofumua nyingine na kukurudishia msimbo wake karibu kama ulivyoandikwa. Majina alishayaficha, kila klasi, yaani kila kipande cha msimbo chenye kazi yake, imebaki herufi tupu, a, b, c. Lakini kuficha majina hakufichi ukoo. Klasi hurithi tabia za klasi mzazi, na bado inaonekana nani ni mtoto wa nani. Maneno yanayotokea kwenye skrini nayo yamebaki, kwa hiyo kila zao nililitambua.

Nikauchora ukoo kwenye daftari. Mzazi mmoja, watoto watano: mahindi, alizeti, karanga, ufuta, uwele. Na mjukuu mmoja tu, mtama, chini ya mahindi.

Nikacheka peke yangu.

Mtama si mtoto wa mahindi. Mtu yeyote wa huku angeuweka pembeni, ndugu na ndugu. Mimi niliuweka chini kwa sababu uliombwa mwishoni, nimechoka, nikapita njia ya mkato. Anayeanza upya hakosei palepale nilipokosea mimi.

Ningefunga kompyuta hapo, ningekuwa mtu wa furaha leo.

Nikafungua klasi yake ya mtama. Ina mstari ambao yangu haina: kikomo cha unyevu, asilimia kumi na tatu. Yangu haina kikomo chake, inarithi cha mahindi, kumi na tatu na nusu. Nikapekua kumbukumbu za msimu huu. Magunia ya mtama yaliyosoma kati ya namba hizo mbili, na programu yangu ikayaruhusu kuingia ghalani: thelathini na saba. Yote ya Mama Zaituni, mmoja wa wenye maghala wa Kibaigwa.

Nikampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umenikumbuka?"

Nikamweleza. Hakushtuka.

"Hayo nilishayaanika tena, mwanangu. Mtama mimi naung'ata. Usipolia kwenye jino, bado."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikutumia sauti, ukakaa kimya. Nikamwambia Festo, kesho yake akaja, akarekebisha kwenye yake. Wewe ukikosolewa unanuna, Rehema. Siku hizi tunakuogopa."

Nimeutafuta ujumbe wake. Upo. Dakika mbili na sekunde kumi na moja, wa wiki tano zilizopita, haujafunguliwa. Nakumbuka siku ile: niliona jina lake, nikajua ni lawama, nikaweka simu chini.

Leo nimeusikiliza wote. Hakuna lawama ndani yake. Anauliza tu kama mtama una namba yake.

Nimeongeza mstari uliokosekana; umechukua dakika nne. Kisha nimewaandikia wenye maghala wote wanaotumia programu yangu: mtama uliosoma zaidi ya kumi na tatu, anikeni tena, kosa ni langu. Najua siku mbili kabla ya kuchaguliwa huo ni ujumbe wa kipumbavu.

Jumatatu nitakwenda na daftari. Ule ukoo ni wangu na nitausema mbele ya Festo. Ila nitaanza na mtama, na nitasema nani aliurekebisha.