Anayeingia na Mama

3 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi sijambo. Mama kamaliza mkupuo wa pili wa dawa za saratani ya titi, na uvimbe umeanza kunywea. Wewe je, afya na kazi?

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sipati zamu. Mwajiri wako anakupa simu Ijumaa tu, na Ijumaa ni ya Mama. Ikilia ananiambia, "Nifungie mlango huo, mwanangu." Nafunga. Nasikia mnacheka.

Anayeomba ruhusa kazini, stoo ya shule, kila siku ya kliniki ni mimi. Anayeingia naye kwa daktari ni mimi. Wanaruhusu mtu mmoja. Kila jioni naandika kwenye shajara joto la mwili, chakula, usingizi. Daktari kaisifu. Nakueleza uyajue, maana huenda unasimuliwa mengine.

Dada yako


14 Februari

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, magoti tu. Ngazi za nyumba hii hazina huruma. Barua yako imenichekesha na kuniuma. Unapima mapenzi kwa kipimajoto? Mimi napata robo saa ya sauti, wewe unamsugua mgongo kila siku. Kati yetu nani amwonee mwenzake wivu?

Mdogo wako


2 Machi

Dada, shikamoo. Natumai u mzima.

Mama kaniapisha nisikwambie, nami leo navunja kiapo. Usiku anatokwa jasho mpaka shuka zinaloa. Ndiyo maana anafua alfajiri kabla hujaamka. Mwili unamwasha. Shingoni ana uvimbe kama gololi, haumuumi, na unakua. Nilimuuliza kwa nini hakuambii. Kasema, "Dada yako ataandika, na kikishaandikwa kitakuwa kweli."

Mwambie daktari, tafadhali.

Mdogo wako


14 Machi

Dada, shikamoo. Hali zenu?

Ijumaa nilimkiria Mama kuwa nimekuandikia; kasema hujamuuliza kitu na daktari hajaambiwa kitu. Kasema umenuna tu. Ninune mimi niliye mbali, wewe nenda kwa daktari.

Mdogo wako


5 Aprili

Kitinda,

Salamu. Mwili wangu hauna neno.

Barua yako ya Machi mbili ilifika tarehe kumi. Niliujua mwandiko, nikaichomeka kwenye shajara bila kuifungua. Nilisema moyoni, kila Ijumaa ana Mama peke yake, kwangu anatafuta nini? Ya pili nikaiweka juu yake.

Tarehe 24 daktari alishangaa. Uvimbe wa titi unanywea, tezi za kwapani zinakua. Akaniuliza, "Anatokwa jasho usiku?" Nikasema hapana. "Anawashwa?" Hapana. Nikamfungulia shajara athibitishe: Februari 19, Mama kafua shuka mwenyewe, nguvu zinarudi. Februari 26, kajishonea gauni la kola ndefu, kachangamka.

Barua zako zikadondoka sakafuni. Mama akazitazama, bado zimefungwa. "Kumbe hukuzisoma," akasema. Kisha akafungua vifungo vya kola mwenyewe.

Walikata kipande cha tezi ya shingo. Majibu yametoka jana: limfoma, saratani ya tezi. Sote tulidhani ile ya titi imesambaa. Siyo. Ni magonjwa mawili, kila moja na mzizi wake. Daktari kasema, "Wapangaji wawili nyumba moja, hawasalimiani." Mama alicheka. Mimi sikuweza.

Nilimuuliza daktari kama zile wiki mbili nilizokaa na barua zimemdhuru. Akasema, "Tutibu kilichopo."

Dada yako


10 Aprili

Dada, shikamoo. Nakuombea usingizi.

Sitakulaumu, na mimi niliapa pale nilipopaswa kukataa. Mwajiri kanipa wiki mbili. Nafika tarehe 30. Kliniki ni Mei mbili, na Mama kaomba jambo ambalo naona haya kuliandika: anataka niingie naye mimi. Nilimwambia nafasi hiyo ni ya Dada. Kasema, "Mbele yake nitasema sijambo."

Nijibu, hata kwa matusi.

Mdogo wako


19 Aprili

Kitinda mdogo wangu,

Barua yako nimeifungua mlangoni, aliyeileta hajapiga hatua tatu. Sote tuko salama, ila Mama kachoka.

Sikufichi, nimekasirika. Miezi minne nimekalia kile kiti, naujua hata mkwaruzo wa meza ya daktari. Wewe unakuja na sanduku lako na siku kumi na nne, unapewa. Nililia stoo, nyuma ya maboksi ya chaki.

Lakini mtu anayesema hajambo hatibiki, na mbele yangu ndivyo anavyosema. Utaingia wewe. Mimi nitakaa benchi la nje.

Muulize daktari: dawa za limfoma zikianza, za titi zinasimama? Moyo wake utahimili zote? Na Mama mwenyewe, umuulize humo humo kama anataka kuendelea. Mimi sijawahi kumuuliza. Niliogopa atanijibu.

Usiandike akiongea, utamkatisha. Msikilize tu.

Ila mkitoka, wa kwanza kuambiwa niwe mimi.

Dada yako