Kwangu, Siyo Kwetu

Chumba cha Juu ya Karakana ya Mapazia,
Nyuma ya Posta.
9 Aprili

Mpendwa Wifi, mke wa kaka yangu na mtani wangu wa kudumu,

Hujambo wewe na wote hapo nyumbani? Kaka mgongo wake umepona, au bado anautumia kukwepa kazi? Kibogoyo wetu meno yameanza kuota? Na mama, magoti yanamruhusu kutoka kibarazani jioni? Mimi mzima kabisa. Mafua yaliyonisumbua yamekwisha, cherehani yangu nayo haijambo, ila usingizi ndio sina, kwa furaha.

Najua mmesikia kwamba nimenunua nyumba. Lakini mlisikia vibaya, na kosa ni langu. Nitafika huko. Kwanza niache nifurahi, maana hapa sina mtu wa kupiga naye vigelegele.

Wifi, ni nyumba ya shamba! Ya zamani, ya mawe, mwisho wa njia ya changarawe. Kuta zake ni nene kiasi kwamba unaweza kukaa dirishani na miguu yote ikabaki ndani. Boriti za dari ni miti mizima iliyochongwa kwa shoka, na alama za shoka bado unazigusa kwa kidole. Meko ya jikoni yanaingia mtu mzima. Kaka akija atapata pa kujificha ukimwita.

Madirisha ndiyo yaliyonimaliza. Mwaka mzima nashona mapazia ya madirisha ya mraba, yote sawasawa, mpaka macho yanauma. Huku hakuna mawili yanayolingana. La jikoni limeinama kushoto, la chumbani ni pana chini na jembamba juu. Hakuna pazia la dukani litakalokaa hapo. Yote nitayashona mwenyewe, na la kwanza nimeshalikata.

Bei usiniulize. Utaanguka na barua mkononi, halafu nani ampikie kaka?

Sisi wageni tunaruhusiwa kununua, ila baraza la kijiji lazima litupe kibali, na kabla ya hapo mwenye nyumba mwenyewe akukubali. Mwenye nyumba ni bibi mmoja mjane, anayehamia kwa binti yake. Dalali wangu, kijana mwenye viatu vya kumetameta, alinionya kwamba bibi amewakataa wanunuzi wote. Nyumba za jirani zilinunuliwa na watu wa mbali, wakazifunga, na madirisha hayafunguliwi tena. Bibi hakutaka ya kwake ife hivyo.

Siku ya kwenda kuiona, dalali alitoa ufunguo wake, akafungua, akaingia moja kwa moja, akaniita nimfuate. Miguu ikagoma. Nyumba ya watu, Wifi, hujakaribishwa, unaingiaje? Nikasimama kizingitini nikaita, tena kwa Kiswahili, "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Dalali akanitolea macho, akidhani nimerukwa na akili. Ya tatu ilipotoka, mlango wa nyuma ukafunguka, bibi akatokea na fimbo yake. Kumbe alikuwemo muda wote, amejibanza aone wanunuzi wanavyoingia!

Akaniuliza nilikuwa napiga kelele gani. Nikamweleza kwamba naomba ruhusa, kwamba kwa watu wetu unasubiri nje hadi mwenyewe aseme karibu, na usipojibiwa unarudi ulikotoka. Akataka kujua neno la kuitikia linatamkwaje. Akajaribu: "Kalibu." Hapo ndipo nikaingia, huku dalali akiangalia viatu vyake.

Nusura niharibu mambo mwenyewe. Mkono umezoea, nikatoa tepu na kuanza kupima dirisha. Bibi akawaka! Alidhani nataka kulivunja niweke kioo kikubwa. Nikamwonyesha vidole vyangu vilivyotobolewa na sindano, nikamwambia napima pazia tu, dirisha libaki na kilema chake. Akacheka mpaka akakaa chini. Siku ya baraza alikuja mwenyewe kunisemea, na kibali kikatoka palepale.

Sasa ndiyo tunafika kwenye kosa. Nilitoka barazani nikapiga simu nyumbani, furaha imenipanda kichwani, sijui hata nakanyaga wapi. Nikamwambia mama, "Utakuja uone kwetu!" Kwetu, Wifi! Nilitaka kusema kwangu. Mama akauliza polepole, "Kwenu?" Akaongeza, "Haya, hongera mwanangu, umeshapata kwenu," akakupa simu.

Tangu hapo kila nikipiga amelala, au yuko kwa jirani, au anaoga. Mama gani anaoga hivyo? Na wewe hujui kuongopa, ukiongopa unakohoa. Linanikata maini jambo hili. Nitaifurahia vipi nyumba ikiwa mama anaamini nimebadilisha kwetu kwa kwingine?

Jana bibi alinikabidhi ufunguo. Kisha akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake, nikabaki peke yangu kwenye chumba kitupu. Mara nikasikia, "Odi!" Alikuwa amelikumbuka neno! Ananipa heshima ya kuwa mwenye nyumba. Nami nikafungua mdomo kuitikia, nikaufunga. Akaita tena. Machozi yakanitoka kama mtoto. Nikamfungulia tu, nikamkumbatia, bila kusema neno. Hodi ya kwanza ya nyumba hii nilikuwa nimemwekea mtu mwingine.

Msalimie kaka, mwambie mgongo nitaukagua mwenyewe. Mbusu Kibogoyo. Shangazi mpe shikamoo yangu, na fundi baiskeli wa jirani pia, asiseme nimemsahau.

Mpaka hapa ni barua yako. Kuanzia hapa msomee mama, kwa sauti. Kama anaoga, simama nje ya bafu usome.

Mama, shikamoo. Ulimi uliteleza. Kwetu sijakuhamisha, na hakuhamishiki. Kwetu ni hapo ulipo, ambapo nikiita hodi hata kabla sijamaliza nasikia karibu yako kutoka jikoni. Nilichonunua huku ni kwangu tu, mahali ambapo kwa mara ya kwanza maishani zamu ya kuitikia ni yangu. Chumba chako ni cha upande wa jua, hakina ngazi, nimeyafikiria magoti. Pazia ninalolishona ni la dirisha lako. Kaka atakuleta, tikiti ni juu yangu. Kaa wiki, kaa mwezi, ukichoka nitakurudisha kwetu mwenyewe.

Mungu akulinde, akupe nguvu ya safari. Mlango ninao, ufunguo ninao, na karibu ninayo mdomoni tangu jana. Imebaki hodi yako tu.

Ni mimi binti yako, wifi wa huyo anayekusomea, ninayewapenda wote wawili hata mkininunia,

Fundi Mapazia