Mama Bila "Mdogo"

Nyumba ya pili baada ya kiwanda cha mikate,
Ghorofa ya kwanza, mlango wa cherehani.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na samahani kwa mwandiko, nimeandikia juu ya ubao wa pasi. Hujambo? Hawajambo na wenye meno mabovu unaowapokea hapo kwa daktari wako? Mgongo unaendeleaje? Sisi ni wazima. Shemeji yako kikohozi kimemwachia. Mimi goti la upande wa pedali bado linalalamika. Hiyo ni tashihisi, goti kulalamika kama binadamu. Usidhani ni wewe peke yako unayezijua.

Ndiyo, nimejifunza. Nilikichukua kitabu cha fasihi cha Chiriku, binti yetu, au niseme binti yangu, nikawa nakisoma huku nasubiri pasi ipate moto. Sababu nakwambia waziwazi: ni kijicho.

Barua zako siku hizi hazisomwi hapa, zinachambuliwa. Chiriku anakaa na kalamu nyekundu, anapiga mistari. "Mama, sikia hii. Mvua ya huku ni jirani asiyebisha hodi. Hakusema 'kama', kwa hiyo ni sitiari." Sentensi hiyo ameinakili ndani ya jalada la daftari lake. Mimi mvua imenivujia juu ya meza ya kukatia siku tatu mfululizo, nikasema mvua inavuja, na hakuna aliyeshika kalamu.

Nikaona nijaribu na mimi. Mwalimu wa chekechea alipokuja kupima gauni, nikamwambia mbele ya Chiriku kwamba kiuno chake ni kama cha nyigu, kisha nikageuka nikasema, "Sitiari hiyo." Chiriku alicheka hadi akakaa sakafuni. "Mama, si umesema 'kama'? Hiyo ni tashbihi." Mwalimu wa watu akabaki hajui kama kasifiwa au kachekwa. Hajarudi kulichukua gauni mpaka leo.

Siku ya pili yake akanipima na mimi. Akasema mama mdogo ana sitiari, mimi nina takriri. Yaani narudiarudia. Umefunga mlango? Umekunywa dawa? Mlango umeufunga? Nilicheka naye, lakini liliniingia. Wewe unaandika mara moja kwa mwezi, una nafasi ya kuchagua maneno. Mimi niko naye asubuhi na jioni, sina maneno mapya ya kumwambia kila siku afunge mlango.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Jumanne nilikuta karatasi juu ya meza ya kukatia, mwandiko wa Chiriku. Imeanza, "Mpendwa Mama." Nikaweka mkasi chini, nikavuta kiti. Hajawahi kuniandikia barua, na ataniandikiaje wakati tunalala vyumba vilivyopakana? Nikasoma kwamba ananikumbuka kila siku, kwamba maneno yangu hayamtoki kichwani. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu peke yangu kama mjinga. Mstari wa nne ukasema, "Mama wa huku bado hajui."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama ni wewe. Mimi ni mama wa huku.

Nilipomuuliza, alisema ni haraka tu, neno "mdogo" lilimponyoka. Nikamwambia kitabu chake kinasema mwandishi mzuri haachi neno bila sababu. Akainama. Kisha akatoa fomu ya shule iliyo karibu na kwako, miaka miwili ya fasihi, inayotakiwa irudi na saini ya mzazi kabla ya mwisho wa mwezi. Kumbe wewe umeshamkubalia akae kwako tangu Januari. Hilo hukunifanyia vizuri, mdogo wangu. Ungeniuliza kwanza.

Kitabu kinafundisha tafsida, kusema jambo zito kwa lugha ya adabu. Ningeweza kuandika kwamba moyo umeguswa kidogo. Siandiki hivyo. Roho inaniuma. Nakuonea wivu wa maneno yako, wa chumba chako cha ziada, na wa jinsi anavyoruka kukimbilia mlangoni mleta barua anapobisha. Mimi nikirudi sokoni na mizigo mikono miwili ananiambia, "Weka hapo, Mama," bila kuinua macho.

Lakini shule ya hapa haina mwalimu wa fasihi tangu mwaka jana, na mimi kwenye kitabu nimefika ukurasa wa arobaini tu. Siwezi kumfundisha. Nimelifikiria hilo tangu Jumanne nikishona, hadi nimegeuza mkono wa shati la mtu ndani nje.

Nisalimie mumeo, wabusu mapacha, na mwambie Babu Redio, jirani yenu wa ghorofa ya chini, kwamba tangu nilipowatembelea bado namdai zamu ya kuchagua stesheni. Mungu awape afya, aitazame nyumba yenu, na amtazame kila atakayeingia humo.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Nimeisaini. Penye jina la mlezi nimepaacha wazi, ujaze wewe. Penye jina la mama nimejaza mimi, kwa wino, kwa herufi kubwa.

Dada yako akupendaye, pamoja na kijicho changu,
Mama Chiriku