Gauni la Chini Kabisa

Kengeja, 4 Agosti 2024

Kwa mwanangu Suhail,

Assalaam alaykum. Natumai waraka huu utakukuta na afya yako, na joto la Maskati halijakukausha. Mimi sijambo, magoti ndiyo yanayolalamika, na hayo nimeshayazoea. Dada yako Nadhira anakusalimu, ila siku hizi haonekani, yuko mashambani anachuma karafuu na wenzake.

Utauliza kwa nini mama hapigi simu. Nikizungumza kwenye simu inasikika mpaka kwa jirani. Waraka nausoma peke yangu, nikitaka kucheka nacheka, nikitaka kulia nalia. Basi niandikie, umpe mtu anayekuja.

La leo ni hili. Mzee Ngwali ameleta maneno kutoka Mtambile. Anasema bintiye Rahila amekusubiri vya kutosha, na yeye kama baba amechoka kuulizwa msikitini. Wanataka sanduku la bibi harusi liingie Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, harusi iwe Mfunguo Nane, miezi miwili baadaye. Hawakutaja kitu, wamesema tu, "Mtuletee kama watu wanavyoletewa." Maneno hayo, mwanangu, ndiyo mazito kuliko yote. Unajua sanduku linavyofunguliwa: wanawake wa kwao wanajaa ukumbini, shangazi mtu anatoa nguo moja moja, anainyanyua juu, anaitaja, na wengine wanapiga vigelegele au wananyamaza. Na shangazi mwenyewe ni Bi Masika. Huyo hajapata kuona nguo isiyo na kasoro.

Kanga za kisutu, zile za bibi harusi, nitanunua mimi mjini Chake. Mengine ni yako. Rahila ni mrefu, mabega membamba, na anapenda kijani. La kijani kaniambia mwenyewe, ameinamisha uso, nikajua limetoka moyoni.

Mama yako,
Mwanabaraka


Maskati, 29 Agosti 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Wako umenifikia, nimeusoma mara mbili. Mimi mzima. Kazi ya ghalani ni ile ile, jioni mgongo unauma, asubuhi unasahau. Magoti yako yapake mafuta atakayokuletea rafiki yangu Ridha, na usiyahifadhi kabatini kama yale ya mwanzo.

Sasa sikiliza. Kuna duka hapa la ghorofa nne. Siku za kawaida mtu kama mimi huingia kupata ubaridi tu, akatoka. Lakini mwisho wa msimu huweka siku ya punguzo. Nikaomba ruhusa kazini, nikasali alfajiri, nikaenda kusimama mlangoni. Nilidhani nimewahi! Nikakuta wanawake wa kila taifa, na wote wamekuja kwa vita. Mlango ulipofunguliwa nilibebwa mpaka kwenye vitambaa bila ya kuinua mguu. Kitambaa kimoja cha lasi tuliking'ang'ania na mama wa Kihindi, yeye kashika ncha hii, mimi ile. Akaniuliza ni cha nani. Nikamwambia cha bibi harusi wangu. Akakiachia, tena akanichagulia na mtandio wa kuvalia. Mungu amlipe.

Nimepata madera, hariri, lasi, mabaibui, viatu, na nguo za kulalia ambazo sitakuandikia. Vyote vizuri na vyote nusu bei. Lebo nimeziacha makusudi. Bei ya asili imepigwa mstari lakini inasomeka, na chini yake pana kibandiko chekundu chenye bei mpya. Nataka waione ile ya asili. Nataka Bi Masika ajue kijana wa Kengeja ameingia duka la namna hiyo. Tafadhali zisitolewe.

Lakini moja si la punguzo. Nilikuwa natoka, mikono imejaa, nikaliona peke yake ndani ya kioo: gauni la kijani, uzi wa dhahabu kifuani, mikono mirefu. Nikauliza, wakasema hilo haliguswi na punguzo. Nikasimama pale mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Halafu nikalinunua kwa bei yake kamili, na yote niliyoyaokoa kwenye nguo nyingine yameishia hapo. Sijui kama nimefanya akili. Najua nilimwona Rahila ndani yake.

Hilo liweke chini kabisa, ulifunge kwenye kisutu. Usimwambie mtu, hata Nadhira. Nataka litoke la mwisho, wakati wanadhani sanduku limekwisha.

Ridha ndiye anayekuja nalo. Nikisikia tu sanduku limepokewa Mtambile, nakata tiketi.

Mwanao,
Suhail


Kengeja, 3 Oktoba 2024

Mwanangu Suhail,

Assalaam alaykum. Najua umepiga simu kila siku na mimi nakwambia nitaandika, nitaandika. U mzima? Unakula? Mimi niko hai, alhamdulillahi, na zaidi ya hapo sina la kusema.

Sanduku lilikwenda Mtambile Ijumaa baada ya sala. Mimi nilibaki nyumbani, maana mama wa bwana harusi haendi na sanduku. Nadhira aliliongoza na wanawake wa hapa, wakaimba ndani ya gari njia nzima. Yaliyotokea amenihadithia yeye, na alikuwa analia.

Bi Masika alitoa dera la kwanza, akalinyanyua. Vigelegele. Kisha akaishika lebo, akavaa miwani. Akasoma bei ya juu, watu wakaguna kwa kustaajabu, kama ulivyotaka. Halafu akasoma ile ya kibandiko. Nguo ya pili akasoma ya kibandiko peke yake. Ya tatu hivyo hivyo. Ukumbi ukanyamaza, kisha mmoja akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichotumaliza. Bi Masika akasema, "Ntoto wetu si wa kupunguzwa bei." Akazirudisha ovyo ovyo, akafunga kifuniko. Hakufika hata nusu.

Nadhira akawaambia, "Jamani, si karatasi tu hizo?" Wakamjibu, "Mbona hankuzitoa?" Magharibi haijaingia, sanduku lilikuwa limesharudi hapa, na mahari ikafuata.

Nilikwenda kwa Mzee Ngwali. Alinikalisha barazani, akasema yeye hana ugomvi na mimi, lakini wanawake wameshasema na Mtambile nzima imeshasikia. Macho yake yalikuwa yanatazama chini. Rahila sikumwona. Siku ile alifungiwa chumbani kama wanavyofungiwa mabibi harusi, hata hizo nguo hajazitia machoni. Ameletewa maneno tu.

Suhail, la chini lipo. Halijaguswa. Nataka nilibebe mikononi nikalitandaze mbele yao. Lakini siri ni yako na uliniusia. Niambie niende. Naogopa tutachelewa.

Mama yako,
Mwanabaraka


Maskati, 19 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Nakuombea afya. Hali yangu usiniulize.

Usiende. Miaka yote hii nimelala chumba kimoja na watu hata majina yao siyajui vizuri, nimekula dengu nikaiita karamu, ili niingie kwa Mzee Ngwali kwa kichwa kilichoinuka. Kama wametazama karatasi hawakunitazama mimi, waendelee na karatasi zao. Gauni halitakwenda kuniombea.

Rahila nimempigia mpaka nimechoka, haipatikani. Angetaka angetafuta njia.

Na nakuapia, mama, ukilipeleka gauni lile, au ukamtajia mtu yeyote, Kengeja sitaikanyaga tena. Ukilihifadhi kimya, nitakuja nikukute. Chagua.

Mwanao,
Suhail


Kengeja, 22 Desemba 2024

Suhail mwanangu,

Assalaam alaykum. Kimya chako kimenitisha, nimemwuliza Ridha, akaniambia unakwenda kazini kama kawaida. Basi nikashukuru. Mimi magoti yamepoa kidogo, ila usingizi umenipa mgongo.

Nimechagua. Ulijua nitachagua nini, na si vizuri kumwekea mama yako chaguo kama hilo. Gauni liko pale pale. Nguo nyingine nazianika ndani, juu ya kamba, nafukiza udi, maana nikizianika uani watu watapita wasome.

Lakini kuna mambo huyajui. Rahila hakukukimbia. Kaka yake amemchukulia laini siku ile ile, Nadhira kaambiwa na watu wa ndani. Na sasa ameposwa. Ni mtu wa Tibirinzi, ana duka la vyombo. Sanduku lake limeshapelekwa na wamepiga vigelegele mpaka basi. Nusu ya vitu vyake vimenunuliwa hapa hapa Chake, sokoni. Lebo alizitoa zote.

Harusi wanasema itakuwa mwezi wa Mlisho, kabla ya Ramadhani. Kuna nafasi bado. Nipe ruhusa nimfikishie Rahila neno moja tu. Nakuomba mimi niliyekuzaa, na sijawahi kukuomba hivi.

Mama yako,
Mwanabaraka


Maskati, 18 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi hai.

Nimetia saini mkataba mwengine ghalani. Sitakuja mwaka huu, wala ujao sikuahidi. Uliniambia kuna mambo siyajui. Mimi najua moja tu, kwamba amekubali sanduku la mtu mwengine.

Lile duka limeweka tena siku ya punguzo. Nimepita nje, nikaona watu wamejipanga na furaha zao, nikavuka barabara.

Nguo mpe Nadhira, au wape masikini. Jina la Rahila usiniandikie tena.

Suhail


Kengeja, 25 Februari 2025

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Nimeupokea wako. Afya yangu si kitu cha kuandika leo.

Umenikataza jina lake. Nisamehe, leo naliandika.

Rahila alikuja Alhamisi asubuhi. Aliteremka kwenye gari na kikapu, kama aliyekuja kutafuta ndizi. Akabisha hodi, akanishika mkono akaubusu, akasema, "Mama, miye nnaomba nilione sanduku langu." Alisema langu. Sikulipeleka gauni, Suhail, wala sikumtajia mtu. Alikuja mwenyewe. Ningemfungia mlango?

Akakaa chini akatoa nguo moja moja, anaziweka magotini. Vile vibandiko alivisoma vyote, tena akicheka kidogo, akasema, "Kahangaika na miye kweli." Akafika kwenye kisutu. Akakifungua. Akaitafuta lebo, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Lino mbona halijapunguzwa?"

Nikamwambia yote. Kioo ulichosimama mbele yake, mlinzi aliyekutazama, na kwamba yote uliyoyaokoa kwenye nguo nyingine yaliishia kwenye hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yeye kanyamaa. Na miye nikadhani kanyamaa kwa kuwa wasemayo ni kweli."

Akalivaa juu ya nguo zake. Mabega yalimkaa, mikono ilifika pale pale kwenye kifundo. Nilimwambia, "Mwanangu, nikamwite Suhail kwenye simu sasa hivi?" Akatikisa kichwa. Mahari imeshapokewa, baba yake hawezi kuaibika mara mbili kwa ajili yake. Akalivua, akalikunja, akalifunga kwenye kisutu akaliweka chini kabisa, na nguo nyingine akazipanga juu yake kama alivyozikuta. Nilimbembeleza alichukue. Alisema, "Nkilichukua ntalivaa." Gari ya Mtambile ikapiga honi, akaondoka.

Nikah ilikuwa Jumapili. Sikwenda. Nilikaa na sanduku lako nikalia kama mtoto, na sioni haya kukwambia. Ulisema nikilipeleka hutarudi. Sikulipeleka, na hukurudi.

Nampa Ridha waraka huu, anasafiri kesho. Nijibu, hata kwa hasira.

Mama yako,
Mwanabaraka


Kengeja, 6 Aprili 2025

Suhail mwanangu,

Assalaam alaykum, na Idi njema, ingawa imeshapita. Tulikusubiri japo kwa simu. Nadhira alipika mikate ya mofa, tukala wawili.

Ridha amepiga. Anasema waraka wangu alikupa mkononi, ukausoma umesimama pale pale mlangoni mwa ghala, ukaukunja, ukautia mfukoni, ukarudi kazini. Tangu siku hiyo hujamsemesha hata yeye.

Sitakuuliza tena la sanduku. Sitakuuliza utakuja lini. Liko chini ya kitanda changu na halimsumbui mtu.

Niandikie tu kwamba hujambo. Neno hilo moja, nami nitalipokea.

Mama yako,
Mwanabaraka