Huyu Tuli ni Nani

Morogoro, Jumamosi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Na Mama umpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amesimama nyuma yako anauliza nimesema nini. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko juu Chome? Maharage yamepona ukungu? Sisi huku ni wazima na watoto wanakula, ila mimi nimechoshwa, Baba, nimechoshwa mno, na leo utanisikiliza.

Unajua kiwanda cha nguo kiliuzwa na sisi wa ghalani tukapunguzwa wote, mimi na Rukia, yule mwenzangu tuliyeshika funguo pamoja miaka tisa na tuliyepanga naye nyumba moja. Sasa wenye kiwanda wapya wanataka mtunza ghala mmoja. Mmoja tu! Sote wawili tukaomba, tungefanyaje? Mimi nikaandika barua kama tulivyofundishwa shuleni, kwa mwandiko wangu mzuri, nikamalizia "wako mtiifu". Msichana wa mapokezi akanirudishia kwa ncha za vidole. "Mama, siku hizi hatupokei barua tupu. Lete na sivii." Nikamuuliza ndiyo nini. Akasema ni maelezo yako, wewe ni nani na umefanya nini. Nikajiambia hilo rahisi, nimekuwa mimi kwa miaka arobaini.

Kumbe! Mpiga chapa wa pale stendi akanipigia kurasa tatu: nilikozaliwa, nilikobatizwa, kabila langu, jina la babu, hata chanjo ya ndui. Akasema ofisi hupenda kujua. Labda ofisi za enzi zake. Meneja mpya, kijana ambaye ndevu zake bado zinatafuta njia, akaukata ukurasa wote wa kwanza kwa kalamu nyekundu. Babu akaenda na maji. Kisha akafika kwenye kazi zangu, akaanza kusoma kwa sauti mbele ya wenzake.

"Tulipokea mizigo. Tulipanga majora. Tulihamisha vitambaa vyote mvua ilipobomoa paa." Akaiweka karatasi mezani. "Mama, huyu Tuli ni nani?"

"Tuli yupi?"

"Naona Tuli ndiye mchapakazi. Nimwajiri yeye?"

Wakacheka. Nilitamani kumzaba kibao. Lakini kosa ni lako pia, Baba, na usinune. Ni wewe uliyetufundisha kwamba siku ya msaragambo, pembe ikishalia na kijiji kizima kikaingia kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, kuzoa tope, hakuna anayesema "mimi nilizoa". Mjomba alipothubutu kuhesabu ndoo zake ulimkatiza mbele za watu, ukamuuliza maji yakifika shambani yana jina la nani. Nimekua na hilo kichwani. Mliniita Namsifu, lakini kujisifu hamkunifundisha, na ofisi za siku hizi hazitaki kingine.

"Kaandike upya, ulete Jumatano," akasema yule kijana. "Mimi, mimi, mimi. Ukurasa mmoja."

Nilikaa na daftari siku nzima. Naandika "nilihamisha", nafuta, naandika tena. Siku ile paa lilipobomoka ni mimi niliyesema vitambaa vikimbizwe kantini, hilo ni kweli. Lakini aliyepanda juu ya rafu, na mimba yake ya miezi saba, akanishushia jora moja moja, ni Rukia. Ukurasa mmoja, mimi, mimi, mimi. Basi nikaandika: "Niliokoa majora yote ya ghala kwa uamuzi wangu mwenyewe." Nikaona aibu, nikapeleka hivyo hivyo.

Jana wakaniita. Yule kijana alikuwa anatabasamu, na mezani alikuwa na sivii mbili. Akanisogezea ya pili niisome. Ilikuwa ya Rukia. Kuhusu mvua ile ameandika: "Mwenzangu Namsifu alituongoza, tukaokoa majora yote." Yeye mwenyewe hakujitaja popote.

"Mshindani wako anakutolea ushahidi," akasema. "Mimi nikusaili nini tena? Jumatatu uanze."

Nimepata kazi, Baba, na nina hasira kuliko siku nilipoipoteza. Namkasirikia kijana, namkasirikia mpiga chapa, nakukasirikia wewe. Na Rukia pia! Nani alimtuma aniandike mimi kwenye karatasi yake ya kutafutia ugali? Wanawe wanne wanamtazama yeye peke yake. Ukinijibu usiniandikie kwamba unaniombea tu, hilo najua. Niambie mtu mwenye haya hufanya nini hapa.

Msalimie dada Nakijwa, na mumewe, mwambie aache kubeba mkungu wa ndizi kichwani kama kijana. Shangazi wa Kisiwani nampa pole ya mbuzi wake. Mchungaji naye mwambie kwaya ya huku haiimbi, inapiga kelele.

Naishia hapa kwa kuwa Rukia ameingia sasa hivi na bakuli la uji wa wanangu. Ameniuliza kama wameshaniita. Nimemwambia bado.

Mwanao,
Namsifu