Mlango wa Upande wa Baba

Mabwerebwere,
Kilosa.

Kaka yangu mpendwa Gerald,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba huko Geita mnaamka salama, kwamba shemeji Irine amepona mgongo, na kwamba Imani ameizoea shule mpya. Sisi huku ni wazima, kama wazima ni watu wanaoamka na kufagia uwanja. Mama anakula kidogo, na usingizi wake ni wa vipande vipande.

Utashangaa kupata barua wakati simu yangu ipo hewani. Kwenye simu ningebishana nawe. Unanifahamu: mtu akiniuliza jambo, mimi hutafuta kwanza ushindi, jibu baadaye. Isitoshe, nyumba yetu haina chumba ambacho mama hasikii.

Umeniarifu kwamba Mwalimu Donati wa Ruhembe atakuja Jumamosi kulitazama gari la baba, akilipenda alinunue. Nakuomba umzuie. Najua ombi hili linatoka katika kinywa kisichostahili, kwa maana tangu nilipohitimu, aliyehubiri kuuzwa kwa gari lile ni mimi. Nilimwambia baba kwamba chombo ambacho Wajapani wenyewe walikichoka hakiwezi kuzaliwa upya katika vumbi la barabara ya Mikumi. Lilichemsha kila lilipoona mlima. Halikutoka nje ya Kilosa bila dumu la maji kwenye buti. Mlango wa mbele wa abiria, upande wa kile kiti cha baba, ulikuwa haufunguki kwa ndani. Ilibidi mtu ashuke, alizunguke gari, amfungulie.

Kazi hiyo aliichukua mama. Majirani walifurahi kweli. Mzee Mudathir, fundi wetu, akiona gari linasimama aliacha spana zake, akakakamaa kwa saluti, akamwambia baba karibu Mheshimiwa, wananchi wanasubiri hotuba. Mama naye akalishika jina. Baba alicheka pamoja nao, lakini nyumbani hakucheka. Mtu aliyekagua mabehewa ya reli maisha yake yote, akipita stesheni na nyundo kugonga magurudumu asikie lililopasuka, hakupenda kungojea kushushwa kama kifurushi. Siku moja aliniita, tena bila ukali.

"Optatus, nitengenezee huo mlango tu. Mengine tubishane."

Nilikataa, kaka. Nilimjengea hoja kwamba kutia fedha katika kitu unachokusudia kukiuza ni kutojua uchumi. Alinisikiliza, halafu akagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara mbili. Wewe uliondoka nyumbani mapema, pengine umesahau. Uzee ulipompunguzia pumzi za kubishana, alibaki na nyundo ile ya kidole. Akigonga mara mbili, maana yake hakubaliani nawe, endelea, anakusikia. Mimi nami nilikuwa naendelea.

Sasa nifike kwenye safari. Wewe uliambiwa baba alifariki njiani, usingizini, tukimkimbiza hospitali. Asubuhi ile kifua kilimbana, na gari lililokuwa karibu ni letu. Mama alikaa nyuma, baba kwenye kiti chake, vioo tumevipandisha kwa sababu ya vumbi. Tulipokipita kijiji cha Ulaya gari likaanza kuchemsha. Nikalizima na kuchomoa ufunguo ili nifungue buti. Dumu lilikuwa tupu. Maji yote nilikwisha kuyamimina kwenye mlima wa nyuma. Mama akalichukua, akateremka kijitoni akinikataza nisimwache mzee peke yake.

Sikumwacha. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake, nimefungua boneti, na boneti ile ikisimama hufunika kioo chote cha mbele. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu huongea. Nilimwambia baba, kwa sauti ya kuvuka boneti, kwamba haya ndiyo niliyoyasema. Kwamba ukaidi una gharama. Kwamba laiti angenisikiliza tungekuwa tumeuza, tumepanda basi, tumefika.

Akagonga. Mara mbili.

Nikamjibu, kaka. Nikaongeza hoja. Akagonga tena, mara nyingi na haraka, na mlio haukuwa wa dashibodi, ulikuwa wa kioo cha mlango. Niliusikia, nikautofautisha, na bado nikamaliza sentensi yangu. Kisha pakawa kimya. Nikadhani nimeshinda.

Mama alirudi na maji. Niliposhusha boneti, nilimwona baba ameegemea mlango, mkono upo kwenye kitasa cha ndani. Vioo vile ni vya umeme, havishuki bila ufunguo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Tulimrudisha akiwa amekaa palepale, mkanda umefungwa. Tulipofika, mama alilizunguka gari, akafungua, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Mheshimiwa, tumefika."

Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka, hata hewa isingesaidia. Kauli hiyo nimeipinga kichwani kutoka kila upande na sijapata pa kusimama. Mama hajui kuhusu kugonga. Juzi aliniuliza kama mzee alisema neno lolote. Nilijibu kwamba hakusema, na ni kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Baada ya simu yako nilimwita Mudathir aliandae gari. Alibandua ndani ya mlango, akarudisha kifimbo cha kitasa kilichochomoka, akafunga. Chai aliyowekewa ilikuwa bado ya moto.

Ndiyo sababu nasema lisiuzwe bado. Likiuzwa, nitakuwa nimemshinda baba ubishi wetu, na ushindi huo siutaki. Njoo wewe mwenyewe. Kaa kwenye kiti kile, mimi nisimame nje, uniambie kama mama aambiwe. Utakachoamua sitakipinga.

Mama anakusalimu sana, pamoja na shemeji na mtoto; anasema msikae kimya. Kila jioni, akimaliza kuosha vyombo, huzunguka gari, huufungua mlango ule kwa nje, hungoja kidogo, kisha huufunga. Sijamwambia kwamba umetengenezwa.

Nakutakieni amani ya Mungu.

Mdogo wako,
Optatus