Tanzia ya Aliye Hai

KITUO CHA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo ndani ya jalada. Wasikilizaji wa redio humwita Bi Tanzia.
Umri: miaka 54
Kazi: msomaji wa matangazo ya vifo redioni
Makazi: nyumba za nyuma ya soko kuu, mlango unaotazamana na bomba la umma
Yameandikwa: tarehe 19 mwezi wa kumi, kuanzia saa tatu asubuhi

Mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu. Afande ameniambia hilo litangulie, basi limetangulia. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa wala sikushikwa. Nimeombwa niseme polepole ili mkono wa Afande unifuate. Kusema polepole ndiyo kazi yangu, hilo lisimpe shida.

Nimesoma tanzia katika redio ya mji huu tangu nikiwa msichana. Watoto wakiniona njiani hukimbia, eti nikikutaja jina unakufa. Sikasiriki, kazi ni kazi. Utaratibu wangu ulikuwa mmoja tu. Mtu akija dirishani na tangazo la msiba, kabla sijalipokea namuuliza, "Umemwona kwa macho yako?" Akisema ameambiwa na fulani, namrudisha akamlete huyo fulani. Wapo walionitukana, wakasema nawatesa wafiwa. Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kumzika mtu aliye hai. Na nikifika kwenye jina la marehemu hunyamaza kidogo, ili mwenye sufuria mkononi aiweke chini.

Mwaka jana redio ilinunuliwa na kampuni ya maji, ile ile inayotaka ikabidhiwe mabomba ya umma. Mwezi wa sita mwaka huu meneja alituita ofisini akatuonyesha mashine ya akili bandia iliyojifunza sauti yangu kutoka kwenye vipindi vya zamani. Mafundi mitambo waliipa jina la Pacha. Meneja alisema nifurahi, sasa nitapumzika. Nilimuuliza huyo Pacha atakaa dirisha gani. Alicheka, akasema dirisha limefungwa. Mtu anatuma ujumbe kwa simu, analipa kwa simu, Pacha anasoma.

Nikamwambia, "Na nani atauliza kama mtu amekufa kweli?"

Akasema, "Bi Tanzia, nani atapoteza pesa zake kumtangaza mtu aliye hai?"

Jibu nililipata tarehe 14 mwezi huu.

Katika uchaguzi huu, shemeji yangu aligombea udiwani wa kata yetu. Ni mume wa dada yangu, ambaye ni marehemu, lakini ushemeji wetu haukuzikwa naye. Shemeji ni fundi bomba, mji mzima humwita Fundi. Ahadi yake ilikuwa moja, kwamba mabomba ya umma hayatauzwa akiwa hai. Mpinzani wake alikuwa mwanasheria wa kampuni ya maji. Kila Shemeji akinikuta njiani huniuliza, "Shemeji, leo mimi simo?" Nami humjibu, "Zamu yako haijafika, kanywe chai." Hayo yalikuwa maamkizi yetu.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa kumi, siku ya kupiga kura, nilifika kwenye kituo cha shule ya msingi kabla ya saa moja asubuhi. Mstari ulikuwa umekwisha kuzunguka darasa la mwisho. Wengi walikuwa watu wa soko, watu wa Fundi, nao hawakuficha. Mbele yangu alikuwa muuza mkaa, mwanamke ninayemfahamu, na simu yake ilikuwa inacheza redio.

Saa moja na nusu ilipigwa ile sauti ya kengele ya matangazo ya vifo, kisha nikajisikia nasema. Nayakumbuka maneno yote: "Tunasikitika kutangaza kifo cha," hapo pakawa na kimya, kimya changu mimi, kisha likafuata jina kamili la shemeji yangu, "fundi bomba na mgombea udiwani, kilichotokea alfajiri ya leo kwa ajali ya gari. Mwili utaondoka nyumbani saa tatu asubuhi kwenda kuzikwa shambani kwao. Usafiri upo. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo."

Nilikuwa nimesimama pale na mdomo wangu umefumbwa.

Nilipiga kelele. Nilisema si mimi, huyo ni mashine, Fundi ni mzima, jana jioni alikuwa kwangu anafunga koki. Muuza mkaa akanikumbatia kwa nguvu. "Pole mama," alisema, "lia tu, usijizuie." Nikamwambia silii, nasema ukweli. Akawaambia wenzake, "Amefiwa na shemeji yake, hajui analosema." Waliniondoa kwenye mstari, wakanikalisha kwenye dawati, wakanipa maji. Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyozidi kunishika. Mwanamke mmoja alinifunga mtandio kichwani kama mfiwa.

Mstari ukaanza kuvunjika, na hili nataka lieleweke. Hakuna aliyewazuia kupiga kura. Waliondoka kwa sababu walimpenda. Mzee mmoja nilimsikia anamwambia mwenzake, "Kura itarudi baada ya miaka mitano, lakini Fundi hazikwi mara mbili." Wasiompenda walibaki, wakasogea mbele.

Nilimpigia Shemeji simu, haikupatikana. Baadaye nilijua kwamba alikuwa ametembelea kituo cha ng'ambo ya daraja, ambako simu zote huzimwa mlangoni. Nilikimbia hadi nyumbani kwake, kama mtu wa umri wangu anavyoweza kukimbia. Nilifika saa mbili na dakika chache. Mabasi matatu yalikuwa yamekwisha kuegeshwa na yalikuwa yanajaa. Palikuwa na mwanamume mwenye shati jeupe, nisiyemfahamu, akiwapandisha watu na kusema mwili umetangulia moja kwa moja kutoka hospitali. Nilimfuata dereva wa basi la kwanza.

"Nani amekukodi?"

"Tajiri wangu, mama. Pole sana."

"Lini?"

"Jana mchana. Aliniambia kesho kuna msiba, niwahi."

Kisha akajisikia alivyosema, akanitazama, akapandisha kioo. Hapa nimemwomba Afande aandike kwa herufi kubwa: ni nani hukodi basi la msiba kabla mtu hajafa? Afande amesema maelezo hayaandikwi kwa herufi kubwa. Sawa, na yaandikwe kwa ndogo, mradi yaandikwe.

Mabasi yaliondoka. Shamba la kwao liko mwendo wa saa moja kwa basi, njia mbovu. Waliokwenda wamenieleza kwamba walikuta mabua ya mahindi, na hakuna hata jembe lililogusa ardhi. Walipogeuka, mabasi yalikuwa yamekwisha kuondoka. Wengi walifika mjini magharibi, kwa miguu, na vituo vilifungwa saa kumi.

Shemeji alipata habari za kifo chake saa nne, pale mwanamke mmoja alipomwona uso kwa uso akaanguka. Shemeji akawasha simu, akajirekodi video akisema, "Jamani, mimi ni Fundi, mimi mzima, rudini mkapige kura." Niliiona video hiyo na majibu yake. Mmoja aliandika, "Siku hizi hata maiti wanaongea." Mwingine, "Tazameni midomo, hiyo ni mashine. Wapinzani hawana haya, wanamchezea marehemu wetu." Waliompenda ndio waliokasirika kuliko wote.

Sasa nitasema la nyumbani, na hapa Afande anivumilie.

Shemeji aliishi na mama yake, tulimwita Bi Mkubwa. Redio yake ilikaa kichwani pa kitanda, na hakuwahi kukosa tanzia, kwa kuwa alisema wa rika lake wanapatikana humo tu. Siku zote alisema, "Wewe ukisema mtu amekufa, mimi sihitaji kuuliza." Nilipofika asubuhi ile nilimkuta ameketi kitandani hasemi, mkono mmoja umelegea. Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba mwanawe ni mzima. Alinitazama akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Umetangaza vizuri."

Shemeji aliingia saa tano kasoro, ana vumbi mwili mzima. Alipiga magoti, akamshika mkono. Bi Mkubwa alimpapasa uso, akatabasamu. Akasema, "Umekuja kunichukua. Ngoja nivae viatu." Shemeji akalia, akasema, "Mama, mimi mzima, nishike." Yeye akaendelea kutafuta viatu kwa mguu. Daktari tuliyemwita alifika saa saba. Bi Mkubwa alifariki saa tisa alasiri, na mpaka wakati huo aliamini anasindikizwa na mwanawe.

Matokeo yalitangazwa kesho yake. Shemeji alishindwa kwa kura chache kuliko watu waliopanda yale mabasi.

Tarehe 15 nilikwenda kwa meneja. Alisema ujumbe uliletwa na simu isiyosajiliwa, ukalipiwa, Pacha akasoma, na kwamba mashine haina chama. Aliita jambo hilo hitilafu. Nilimwambia hitilafu ni bomba kuvuja, hili ni bomba kuelekezwa. Aliahidi redio itaomba radhi, na jioni ile iliomba. Walimpa Pacha aisome. Basi mji mzima ukanisikia mimi nikiomba msamaha kwa kumtangaza Fundi, na wale waliokuwa bado wananitetea wakasema, kumbe kweli alikuwa yeye.

Asubuhi ya tarehe 16 Shemeji alikuja kwangu akasema, "Shemeji, nisomee mama." Sikutaka kuingia tena studio ile. Lakini Bi Mkubwa hakustahili kusomwa na mashine. Na kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, nilimuuliza, "Umemwona kwa macho yako?" Akajibu, "Nimemfumba macho kwa mkono wangu."

Niliingia, nikamwambia fundi mitambo amzime Pacha, nikasoma mwenyewe. Kwenye jina nilinyamaza kama kawaida, ila safari hii kimya kilinizidi. Nilipomaliza simu zilianza kuingia. Wa kwanza aliuliza, "Bi Tanzia, leo umemwona kweli, au umetumwa tena?" Wa pili alicheka tu. Sikusubiri wa tatu.

Maziko yalikuwa alasiri ile. Majirani wa ukuta kwa ukuta walikuja kwa sababu walisikia kilio kwa masikio yao. Wa mbali hawakuja. Mdogo wake Bi Mkubwa, anayekaa ng'ambo ya daraja, alisikia tangazo akazima redio. Alifika siku ya pili, akaketi juu ya kaburi, akanilaani kwa jina. Ningekuwa yeye ningezima pia.

Siku ya maziko, tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini, Shemeji alitazama nyuma akasema, "Siku niliyokufa mimi, watu walijaza mabasi matatu." Tulikuwa tumezoea kutaniana, kwa hiyo nilingoja acheke. Hakucheka. Tangu siku hiyo tukikutana haniulizi kama yumo.

Nimeulizwa kama naweza kuthibitisha kwamba sauti ile si yangu. Mimi nilikuwa kwenye mstari, mashahidi wapo. Lakini kwa kusikiliza tu, siwezi. Ni yangu. Hata kile kimya imekichukua, na kimya kile sikufundishwa na mtu.

Nimeulizwa nataka nini. Nataka ajulikane aliyetuma ujumbe na aliyekodi mabasi jana yake. Mwenye mabasi anafahamika, na dereva niliyemtaja ana kovu juu ya jicho la kushoto. Nina hasira, na Afande aandike kwamba nina hasira, asiandike kwamba nina huzuni, maana huzuni yangu ndiyo waliyoitumia kunifunga mdomo.

Haya ndiyo maelezo yangu, niliyoyaona na kuyasikia. Nimeyasema mimi, na mdomo wangu ulikuwa wazi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya mwandishi: Yameandikwa nami, koplo wa zamu, kama yalivyosemwa. Shahidi anajua kusoma, ila aliombwa ayasome kwa sauti ili kuyahakiki, akakataa. Nimemsomea mimi, akakubali kuwa ni sahihi. Kisha aliombwa arekodiwe sauti kidogo, kwa ajili ya kulinganishwa na ile ya tangazo. Alikitazama kinasa sauti, akatikisa kichwa, na hakusema neno jingine mpaka alipotoka.